Uliza Mwalimu: Haichaniki, inafumuka

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiacha mapema, ila historia naipenda. Binti yangu anajiandaa na mtihani, na juzi alinisomea daftari lake: Alexander Mkuu wa Masedonia alipofariki himaya yake iligawanyika "kwa sababu mrithi alikuwa dhaifu". Ukurasa unaofuata, Charlemagne wa Ulaya Magharibi: mrithi dhaifu. Unaofuata tena, Aurangzeb wa India: mrithi dhaifu. Nikamwambia haiwezekani wafalme wakubwa wote wa dunia wazae watoto legelege. Akanijibu ndivyo ilivyoandikwa ubaoni. Nani mkweli kati yetu?

Marahaba, Fundi. Mkweli ni wewe, na binti umwombe radhi kwa niaba yangu, maana maneno hayo ya ubaoni hata mimi nimeyaandika. Nilifundisha historia miaka 31, na "mrithi dhaifu" ni jibu linalompendeza mwalimu mwenye madaftari 90 ya kusahihisha. Maneno mawili, vema moja, daftari linalofuata. Ubaya wake ni kwamba linaanza kuutafuta ufa baada ya maziko, wakati mara nyingi ufa ulikuwapo mfalme akiwa mzima na bado anateka miji.

Mchukue huyo huyo Alexander. Mwaka 327 KK aliingia India na jeshi lake, na huku nyuma watu wakakaa muda mrefu bila kujua kama atarudi. Baadhi ya maliwali wakaanza kuajiri askari wao wenyewe kwa fedha za majimbo waliyokabidhiwa. Harpalus, mtunza hazina wake na rafiki yake wa tangu ujana, alikuwa akizitafuna fedha huko Babeli, na aliposikia bwana mkubwa yuko njiani kurudi, alitoroka na talanta 5,000 za fedha. Kule Baktria, upande wa Afghanistan ya leo, Wagiriki waliokuwa wamelowezwa huko kwa amri walisikia uvumi tu kwamba amekufa, wakafunga mizigo warudi kwao. Alexander aliporudi aliwaua maliwali kadhaa, na waliosalia akawaamuru wavunje majeshi yao binafsi. Haya yote yalitokea yeye yu hai na hajashindwa vita. Alikuwa mbali, basi.

Kwa hiyo alipofariki kweli, mjini Babeli, Juni 323 KK, akiwa na miaka 32, watu walikuwa wameshafanya mazoezi.

Pete yake ya muhuri ilikuwa kwa jemadari Perdiccas. Mkewe Roxana alikuwa mjamzito. Ndugu yake kwa baba, Arrhidaeus, alikuwa mtu mzima ila akili zake hazikuwa timamu. Wapanda farasi wakasema tusubiri mtoto azaliwe. Askari wa miguu wakasema sisi hatumngoji mtoto wa mwanamke wa kigeni, Arrhidaeus ni damu ya mfalme wetu. Nusura wamalizane maiti ikiwa haijazikwa. Suluhu iliyopatikana ilikuwa kuwatawaza wote wawili, mmoja asiyeweza kuamua na mwingine asiyeweza hata kutembea.

Utaniambia, haya Mwalimu, si ndio warithi dhaifu hao? Ndio. Ila jiulize ilikuwaje mtu aliyeiteka Uajemi yote akose mtu wa pili ambaye jeshi zima lingemtii bila kusukumwa. Alikuwa naye. Aliitwa Parmenion, jemadari mkongwe aliyerithiwa kutoka kwa baba yake. Mwaka 330 KK Alexander alimuua mwana wa Parmenion kwa kosa la kula njama, kisha akatuma watu haraka wakamuue na mzee mwenyewe kabla habari haijamfikia. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na mtawala mwenye nguvu huijua methali hiyo kuliko sisi. Mtu anayeweza kushika kiti ukifa anaweza kukishika kabla hujafa. Basi unamwondoa, au unamtuma mbali, au unamwacha azeeke akingoja.

Aurangzeb alitumia njia zote tatu. Yeye mwenyewe alimfungia baba yake ngomeni mwaka 1658, kwa hiyo alijua wana wanaweza nini. Mwanawe Akbar aliasi mwaka 1681 na akaishia uhamishoni Uajemi. Mwingine, Muazzam, alitiwa kizuizini miaka kadhaa kwa kushukiwa. Aurangzeb alifariki mwaka 1707 akiwa na miaka 88, na huyo Muazzam ndiye aliyewashinda nduguze na kukalia kiti akiwa na miaka 63. Alikaa miaka mitano naye akafa. Ilipofika 1719, ndani ya mwaka mmoja kiti cha Delhi kilikaliwa na watu wanne. Ukisoma "mrithi dhaifu" hapo, uulize nani alimdhoofisha.

Sasa niingie kwenye fani yako. Nguo nzuri ikivaliwa muda mrefu, mara nyingi kitambaa hakichaniki. Inafumuka, na hufumuka penye mshono. Himaya ni hivyo hivyo. Inaposhonwa, vitambaa vinakuwa tayari vipo, kila kimoja na rangi yake. Misri ilikuwa na mto wake, jangwa lake la kuilinda, makarani wake wa kodi na hazina yake kabla babu wa Alexander hajazaliwa. Ptolemy aliyepewa kuisimamia alikuta talanta 8,000 zinamsubiri. Hakuhitaji kujenga nchi, alihitaji tu kukata uzi unaokwenda Babeli. Ukoo wake ulitawala huko hadi mwaka 30 KK, alipokufa Cleopatra, karibu miaka 300.

Na uzi wenyewe ulikuwa mtu mmoja. Hili ndilo ningependa binti yako alishike. Kila liwali alikuwa amekula kiapo kwa Alexander, anamwogopa Alexander, anatazamia zawadi kwa Alexander. Kati ya liwali na liwali hapakuwa na uzi wowote. Siku ile ya Juni kila mmoja alijikuta hana deni kwa mtu yeyote, na amezungukwa na majirani wenye majeshi ambao nao hawana deni kwa mtu.

Darasani nilikuwa na mchezo wa kulionyesha hili, na sijapata kuona somo lililoingia haraka vile. Namchagua mwanafunzi mmoja awe mfalme, namkabidhi boksi la chaki. Wengine sita ni maliwali, wametawanyika darasani, na kila dakika chache mfalme anapita akigawa chaki, anayemfurahisha anapata nyingi, asiyemfurahisha anapokonywa. Wanamchekea, wanampepea kwa daftari. Kisha katikati ya mchezo namwambia mfalme, "Umekufa, toka nje." Nilidhani mara ya kwanza kwamba macho yote yangekwenda kwenye boksi la chaki mezani. Haikuwa hivyo. Walitazamana wao kwa wao. Kimya kama sekunde tano. Halafu yule wa nyuma kabisa, karibu na dirisha, taratibu akaziweka chaki zake mfukoni. Akionekana, wa jirani yake naye akaweka. Nilipowauliza baadaye kwa nini hawakuchagua mfalme mwingine, yule wa dirishani alisema, "Mwalimu, kama ningejua wenzangu watamtii, na mimi ningemtii." Nimesoma vitabu vinene ambavyo havijasema zaidi ya hapo.

Majemadari wa Alexander walijaribu kumrudisha mfalme kwa namna moja ya ajabu. Eumenes, aliyekuwa karani wake, alipewa jeshi lenye makapteni ambao hawakutaka kumtii kwa kuwa hakuwa Mmasedonia. Akawaambia ameota ndoto. Akasimamisha hema, ndani akaweka kiti cha enzi kitupu, na juu yake taji na fimbo ya kifalme, na vikao vya jeshi vikawa vinafanyika mbele ya kiti hicho, kana kwamba Alexander anasikiliza. Na ilisaidia! Wazee wale waliokataa amri ya karani walikubali amri ya kiti kitupu, kwa muda. Kisha askari wake walewale wakamuuza kwa adui ili warudishiwe mizigo na familia zao zilizotekwa.

Perdiccas, mwenye pete, alitaka kuishona nguo kwa nguvu. Alikwenda Misri kumtia adabu Ptolemy, ambaye pamoja na mengine alikuwa ameuteka msafara uliobeba maiti ya Alexander, maana aliyekuwa na kaburi alikuwa na hoja. Perdiccas akajaribu kuvusha jeshi mto Nile. Waliotangulia walitibua mchanga wa chini kwa miguu yao na ya tembo, kina kikaongezeka, na zaidi ya watu 2,000 wakapotea majini, wengine wakaliwa na mamba. Maofisa wake mwenyewe wakamuua hemani.

Mfano mwingine unaujua pengine bila kuuhesabu kuwa wa namna hii. Seyyid Said alitawala Maskati kwa nusu karne, tangu 1806, na kutoka huko akaitia Unguja na mwambao mkononi mwake. Alifariki Oktoba 1856 baharini, ndani ya meli yake Victoria, akitoka Maskati kurudi Unguja. Mwanawe Barghash alikuwamo melini. Walipofika, Barghash aliteremsha maiti usiku kwa siri azike kabla mji haujajua, akajaribu kuikamata ngome, akakosa watu wa kumuunga mkono. Majid, aliyekuwa tayari akiisimamia Unguja kwa niaba ya baba, ndiye aliyekaa. Maskati yuko kaka yao Thuwaini, naye anaisimamia kwa niaba ya baba yule yule. Kwa desturi ya Oman hapakuwa na sheria kwamba fulani ndiye mrithi. Aliyeweza kukubaliwa na watu na kukishika kiti ndiye. Mshono ulikuwa bahari yenyewe, na safari iliyotegemea pepo za misimu. Unguja ilikuwa na karafuu na forodha yake, Maskati ina biashara yake. Thuwaini alianza kupeleka manowari, Waingereza wakamrudisha. Mwaka 1859 Barghash aliasi tena, safari hii dhidi ya Majid, na aliyemwandikia barua zake za siri alikuwa dada yao Salme, binti wa miaka kama kumi na mitano. Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa India kwa niaba ya Uingereza, akatoa hukumu: nchi mbili, na Unguja iwe inailipa Maskati riali 40,000 kila mwaka. Hukumu ile ilirasimisha tu mahali nyuzi zilipokwisha kukatika. Hao warithi, kwa njia, hawakuwa dhaifu hata mmoja. Barghash alipokuja kupata kiti mwaka 1870 alitawala miaka kumi na minane. Walikuwa wengi mno wenye uwezo, na kila mmoja na kitambaa chake.

Kwenye mtihani binti aandike "mrithi dhaifu" apate alama yake, kisha aongeze mstari mmoja: utii ulikuwa kwa mtu, haukuwa kwa kiti. Msahihishaji akiwa macho atamwongeza.

Mwalimu, nimesikia hadithi kwamba mfalme wa China alipokufa alifichwa na samaki. Ni kweli au ni porojo za vijiweni?

Imo katika historia yao kongwe, iliyoandikwa na Sima Qian kama miaka mia baadaye. Qin Shi Huang, wa kwanza kuiunganisha China yote mwaka 221 KK, alikufa mwaka 210 KK akiwa safarini, mbali na mji mkuu. Waliojua walikuwa wachache: waziri mkuu Li Si, towashi Zhao Gao, mwana mdogo wa mfalme aitwaye Huhai na watumishi kadhaa. Gari la mfalme likaendelea na safari mapazia yamefungwa. Chakula kinaingizwa, taarifa zinasomwa mlangoni, na sauti ya kukubali inatoka ndani. Ilikuwa majira ya joto. Maiti ilipoanza kunuka, wakaamuru mkokoteni uliojaa samaki wa chumvi uambatane na msafara, ili anayenusa alaumu samaki.

Walikuwa wananunua muda. Kwa jina la marehemu waliandika barua ya uongo ikimwamuru mwanawe mkubwa Fusu, aliyekuwa mpakani na jeshi, ajiue. Alijiua. Huhai akatawazwa, na Zhao Gao akawa ndiye mwenye nchi. Siku moja akaleta kulungu ukumbini mbele ya mfalme, akasema huyu ni farasi. Mfalme akacheka, akawageukia mawaziri. Wengine walinyamaza, wengine wakasema ni farasi, na waliosema ni kulungu hawakuonekana tena siku nyingi baadaye. Kwangu mimi hapo ndipo Qin ilipokufa, maana serikali ambayo makarani wake wanaandika farasi wakiona kulungu haiwezi kujua hata waasi wako wangapi.

Na waasi walikuwa tayari njiani. Mwaka 209 KK kundi la watu 900 walikuwa wakipelekwa mpakani kufanya kazi ya lazima, mvua ikakata barabara, wakajua watachelewa. Sima Qian anasema kwa sheria ya Qin kuchelewa ni kifo. Kiongozi wao Chen Sheng akawapigia hesabu: tukitoroka ni kifo, tukiasi ni kifo, basi bora tuasi. Yeye hakufika mbali, lakini moto aliouwasha uliimaliza dola ndani ya miaka mitatu.

Ila usiniache hapo. Aliyeshinda vurugu zile, mwanzilishi wa Han, alizikuta rejesta za Qin. Msaidizi wake Xiao He, walipoingia mji mkuu na wenzake wakakimbilia dhahabu na hariri, yeye alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya nyaraka akachukua ramani, sheria na hesabu za watu. Han ikakaa kitini, pamoja na kukatizwa mara moja, hadi mwaka 220 BK. Ukoo wa mfalme ulikufa, nguo haikufumuka. Karani mwenye rejesta ni mshono mgumu kuliko upanga, nami nasema hivyo nikijua makarani wengi.

Mwalimu, naona unapindisha mambo. Genghis Khan wa Wamongolia alikufa 1227 na himaya yake haikupasuka, ilizidi kukua. Nadharia yako inavuja.

Inavuja, ndiyo, na nashukuru umeweka kidole palepale. Genghis alifanya ambalo Alexander hakulifanya: alimtaja Ögedei, mwanawe wa tatu, miaka kadhaa kabla ya kufa, na wanawe wengine wakalisikia na kulikubali mbele yake. Pia kila mtoto alikuwa na fungu lake la watu na malisho. Na la muhimu, lililobaki la kuteka lilikuwa jingi. Nyara zikiingia, ndugu hawana haja ya kutazamana. Kaskazini mwa China, Urusi, Baghdad mwaka 1258, vyote vilitekwa na wanawe na wajukuu.

Lakini tazama mjukuu wake Möngke alipofariki mwaka 1259. Ndugu zake wawili, Kublai na Ariq Böke, kila mmoja aliitisha mkutano wake wa wakuu, kila mmoja akatoka Khan, yaani mfalme. Ariq Böke alikuwa Karakorum, mji mkuu wa mababu. Kublai alikuwa na China, na Karakorum ilikula chakula kilicholetwa kwa mikokoteni kutoka China. Kublai akaizuia mikokoteni. Ariq Böke akajisalimisha mwaka 1264, akiwa na kiti cha babu na njaa. Wakati huohuo binamu yao Berke wa nyika za kaskazini na ndugu yao Hülegü wa Uajemi walikuwa tayari wanapigana wao kwa wao. Kwa hiyo nguo ilifumuka, na palepale penye mishono, isipokuwa ilichelewa miaka 30 na ushee.

Kuchelewa huku kuliwahi kunitia aibu. Nilikuwa mwalimu kijana, nikaandika ubaoni: Charlemagne alikufa 814, mkataba wa Verdun wa kuigawa himaya, 843, sababu, kifo cha Charlemagne. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, 843 toa 814 ni 29." Nikasema vizuri, umejua hesabu. "Basi si alikuwa ameshaoza?" Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Nilikwenda nyumbani nikasoma upya, na nikakuta binti yule ana haki kuliko alivyojua. Charlemagne mwenyewe mwaka 806 alikuwa ameandika hati ya kuigawa himaya kwa wanawe watatu, kama mtu anavyogawa mashamba, kwa sababu kwa Wafranki, watu wake, kila mwana ana haki yake. Wawili wakafa kabla ya baba, mwaka 810 na 811. Himaya ikabaki nzima kwa Louis, mwana aliyesalia, kwa ajili ya misiba miwili, wala haikuwa busara ya mtu. Louis alipofariki mwaka 840 akiwa na wana watatu hai, desturi ikafanya kazi yake: wakapigana Fontenoy mwaka uliofuata, wakagawana Verdun. Ukitaka kushangaa, shangaa ilikaaje nzima miaka yote ile.

Palipokosekana hata hicho cha kuchelewesha, ilikuwa suala la miezi. Attila, mfalme wa Wahun, alikufa mwaka 453 usiku wa harusi yake. Wanawe wakataka kugawana mataifa waliyoyatawala kwa kura, kama watumwa wa nyumbani, na mataifa hayo yakasikia. Mwaka uliofuata, kwenye mto Nedao, yaliwageukia, mwana mkubwa Ellac akauawa, na Wahun wakaacha kuwa kitu. Mirambo wa Unyamwezi alifariki Desemba 1884. Rugaruga, askari wake, walimfuata yeye na ngawira zake. Nduguye aliyemrithi hakuweza kuwashika, na dola ile iliyotetemesha njia za misafara ikarudi kuwa watemi mmoja mmoja.

Mwalimu, kwa hiyo mtawala angefanyaje? Jibu kwa ufupi, huwa unaanza vizuri kisha unazurura.

Nimesikia. Waosmani walijibu kwa ukatili: sultani akitawazwa, nduguze wanauawa, ili pasiwe na wa kugombea naye. Mwaka 1595 Mehmed wa Tatu alipokalia kiti yalitoka majeneza 19 ya ndugu zake, wengine watoto wadogo. Nchi ilibaki moja. Kizazi kilichofuata kilishindwa kulirudia, na sijui nani angewalaumu.

Augustus wa Roma alijibu kwa mfuko wa fedha. Warithi aliowapenda walimtangulia kaburini mmoja baada ya mwingine, na mwishoni akabaki na Tiberius, ambaye hakumpenda sana. Hata hivyo alimpa madaraka karibu sawa na yake wakati bado yu hai, hivyo siku ya msiba hapakuwa na kiti kitupu. Lakini kazi kubwa aliifanya mwaka 6 BK. Kabla ya hapo askari akistaafu alimtegemea jemadari wake ampatie shamba, kwa hiyo jemadari wake ndiye nchi yake. Augustus akaanzisha hazina ya askari wastaafu, akaitia sesta (sarafu za Kirumi) milioni 170 za mfukoni mwake, kisha akaiwekea kodi mbili za kuilisha daima: asilimia 5 ya mirathi na asilimia 1 ya mauzo ya mnadani. Matajiri wa Roma waliilalamikia ile ya mirathi kwa miaka.

Alifariki mwaka 14 BK baada ya miaka zaidi ya 40 madarakani, na majeshi kweli yaliasi, katika jimbo la Pannonia na kwenye mto Rhine. Wale wa Pannonia walitaka dinari moja kwa siku na kustaafu baada ya miaka 16. Wale wa Rhine walimtaka jemadari wao Germanicus awe mfalme, na walimaanisha mfalme wa Roma yote. Naye akakataa.